Salamu za Matilda kwa Mtangazaji

Redio ilikuwa imemzika Matilda akiwa hai. Asubuhi ile mtangazaji Sosthenes aliwaambia watu wote, Mbeya mpaka Iringa, kuwa fundi wa kudarizi wa pale stendi Mafinga ana mashine yenye virusi, anaharibu kazi za watu. Wala hakumuuliza mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima. Ni kompyuta yake tu iliyojiwekea mfumo mpya yenyewe, na ile programu yake ya zamani ya michoro ya kudarizi ikagoma kufunguka.

Sasa Mama Eveline, mwenyekiti wa kwaya, alikuwa mlangoni, majoho aliyoyaleta yadariziwe ameshayafunga kwenye kitenge.

"Nayapeleka Iringa mjini."

"Niachie mpaka kesho, mama."

"Kesho ya nini? Kutwa unaitolea macho hiyo kompyuta kama mtoto mwenye degedege. Jumapili tusimame na majoho matupu, watu watucheke?"

Majoho yale yakienda, hakuna mteja atakayerudi. Matilda alilijua hilo. Redioni kipindi cha salamu kikaanza, na ni Sosthenes yuleyule, anachekacheka. Matilda akachukua simu, akapiga, akapiga tena, mpaka akapokelewa.

"Haloo, nani mwenzetu, na unatokea wapi?"

"Matilda wa Mafinga. Nawasalimu wanakwaya, nawasalimu mafundi wote wa kudarizi. Na salamu za pekee zikufikie wewe Sosthenes, uliyenitangazia virusi bila kukanyaga dukani kwangu. Kompyuta imebadilika, programu haielewani nayo, basi. Mdomo wako ndio una..."

Simu ikakatika.

"Aah, mtandao wa Mafinga leo!" Sosthenes akacheka.

Mama Eveline akasonya. "Mtandao gani? Amekukata huyo."

Akaingia mwingine. "Kashindye, fundi wa kudarizi, Mbalizi. Salamu zangu zote kwa huyo mama uliyemkata. Hata huku kompyuta zimegoma vilevile. Mama, ninayo kompyuta ya zamani, haijaguswa na mfumo mpya, programu inafunguka. Naipakia basi la alfajiri, ipokee hapo stendi. Na wimbo sitaki, Sosthenes. Muombe radhi."

Sosthenes hakuomba. Aliweka wimbo.

Mama Eveline akautua mzigo kwa kishindo. "Usidhani nimelainika. Basi likija tupu, nakuja hapa na kwaya nzima."

Matilda akafungua kitenge, akakunjua joho la kwanza. Redio hakuizima. Alitaka asikie kama yule bwana atathubutu kulitaja jina lake tena.