Tatu ya Mashine

Baleiniere, mashua ya abiria aliyopanda fundi Gédéon, ilikuwa imeshaachia kamba, inateremka mto kuelekea Yangambi, ndipo alipokumbuka kunipigia simu.

"Papa Hamadi, mashine imejaa. Futa nakala za zamani mbele réseau ya simu ikatike. Andika 2:0:0:3, ikikuuliza ujibu oui."

Mimi nilikuwa mlinzi wa chumba cha mashine ya kompyuta katika ofisi ya Mama Pélagie, inayotunza hati za viwanja vya mtaa. Karatasi zenyewe zililiwa na mchwa; zilibaki picha zake tu, mule kwenye diski tunayoiita kabati.

Shule nimeokota vipande, mji huu na mji ule. Lakini namba zile Gédéon mwenyewe alinifundisha: ya kwanza ni mashine inayouliza, ya pili njia, ya tatu kabati, ya mwisho sehemu ndani ya kabati. Na mlangoni alibandika karatasi kwa mkono wake: 1 picha za ofisi, 2 barua, 3 nakala za zamani, 4 hati za viwanja.

"Mutoto yangu, mashine inaanza kuhesabu na sifuri," nikamwambia. "Kama nyumba ya Wabelgiji: chini iko rez-de-chaussée, ya kwanza iko juu yake. Karatasi yako inaanza na moja. Tatu ya mashine iko nne yako. Iko viwanja!"

Akacheka. "Ingénieur ni nani hapa? Ulisoma wapi, papa?"

"Kila pahali walichelewa kunifukuza. Sifuti."

Simu ikakatika. Mama Pélagie, aliyesimama mlangoni akisikia yote, akaja juu. "Futa, papa! Watu wako inje tangu asubuhi, na mashine imejaa. Bon, toka, nitaandika mwenyewe."

Nikachomoa waya wa kabati, nikaukalia.

"Muite polisi, mama. Muite na jeshi. Waya huu nitautoa kwa kutazama, si kwa kufuta."

"Mzee kichwa ngumu! Alors leta, tutazame aibu yako."

Nikampa, akauchomeka. Akafungua tatu ya mashine, 2:0:0:3. Picha ya kwanza: hati ya mjane Nyota, kiwanja cha Kabondo. Ya pili, kiwanja kingine. Ya tatu vilevile. Mama Pélagie akazifunga picha zile. Akaandika 2:0:0:2, akatazama mara mbili, akakuta ni nakala za zamani, akafuta.

Gédéon siku hizi yuko Kinshasa. Mama Pélagie bado ni chef wa ofisi. Alinifukuza wiki ileile, kwa kumtia haya mbele ya watu waliosikia toka nje. Nyota anakaa kwenye kiwanja chake. Mimi nauza samaki sokoni Barumbu.