Shaba ya Sultani ku Manjanja Yetu

Minye Alphonsine nasikia haya, na ni bwana yangu Séraphin alinivalisha hiyo haya.

Ile mwaka bantu balipora mamagazini, maduka yote ya Likasi, Séraphin alileta ku nyumba kopo moja yenye kujaa shaba: bipande bidogo ya mraba, na maandishi ya Kiarabu juu yake. Alisema ni zawadi ya patron wake Hassanali, Muhindi mwenye magazini, alimupa mbele ya kukimbia ile vurugu. Nikaamini. Muntu mwenye umezaa naye batoto, utamuita mwongo juu ya nini?

Manjanja ya nyumba, ile mabati ya juu, ilikuwa inavuja ku misumari. Séraphin akatoboa kila kipande, akapitisha musumari, akapigilia ku manjanja, pahali wengine wanatia bifuniko ya chupa ya bière juu ya kuziba tundu. Mvua haikuingia tena. Nikamusifu, minye mujinga.

Leo Hassanali amerudi. Amevua viatu ku mulango, amekaa, amemushika Séraphin mukono.

« Nimeambia kila muntu, Séraphin hakupora. Nafungua tena magazini. Weye utashika funguo. »

Nikashukuru Mungu. Batoto wanakula bukari mara moja tu kwa siku.

« Natafuta kitu moja tu, » akasema. « Kopo ya feza ya zamani, sarafu ya masultani wa Malwa, kule Uhindi. Zaidi ya miaka mia tano. Baba alinifundisha kusoma juu ya ile maandishi. Bei haina, ni shaba tu. Haukuiona? »

« Hapana, patron, » Séraphin akajibu. Macho makavu.

Kumbe zawadi ilikuwa wizi. Séraphin akanikazia macho, ninyamaze. Ninyamaze kitu gani? Njia ya mwongo ni fupi.

« Baba Hassanali, toka inje kidogo. »

Nikamuonyesha juu. Akaangalia sana, musumari kwa musumari.

« Naleta ngazi, nang'oa yote sasa hivi, » nikasema.

« Acha, mama. Mvua itanyeshea batoto. » Kisha akauliza polepole: « Hakuna hata moja yenye haikutobolewa? »

Séraphin alikuwa amesimama ku mulango, kichwa chini.

« Hakuna, patron. »

Hassanali akavaa viatu. Habari ya funguo hakuisema tena. Ku barabara, jirani yetu Madeleine akamuuliza kama amepata bintu yake.

« Bado, » akamujibu. « Lakini kwa Séraphin hakuna kitu yangu. »

Madeleine akatupungia mukono, anatabasamu. Minye nikaingia mu nyumba. Heri ule muzee angetutukana mbele ya bantu.