Ukelele wa Lovina

Daktari Wadleigh alimkata mwanangu Lovina mguu juu ya meza yangu ya jikoni, na mpaka leo tunakula hapohapo. Meza nyingine sina.

Mashine ya kiwanda cha nguo ilikuwa imeusaga mguu. Majira yaleyale ya baridi etha, dawa mpya ya usingizi, ilikuwa imefika mjini kwetu Lowell kutoka Boston, nami nikang'ang'ania itumike. Wadleigh alikuwa mzee wa kukata kwa haraka: wanaume wanne wamshike mgonjwa, na mguu uwe chini kabla mwenyewe hajaishiwa pumzi ya kulia. Lovina alipofumba macho tu, sifongo ya dawa ikiwa puani, mkono wa mzee ukaanza kazi kama ulivyozoea.

Mwanangu akapiga ukelele. "Mama, waambie waache! Mama!"

Ni mimi niliyekuwa nimemkandamiza mabega.

Baadaye akazinduka, akatabasamu. "Hawajaanza?"

"Wamemaliza."

"Mwongo wewe, mama!" Akacheka, mpaka alipoinua blanketi.

Hakumbuki lolote. Mimi nikikata mkate mezani pale nausikia ukelele ule, na mwenye sauti yuko kando yangu anaimba.

Theluji ilipoyeyuka, mfupa ukaoza. Ilibidi akatwe tena, juu zaidi, la sivyo tungemzika.

"Mbona unatetemeka, mama? Si nililala kama gogo?"

Ningemwambia ukweli, asingepanda mezani. Nikasema, "Ulilala."

Wadleigh aliposhika kisu, nikamkamata mkono. "Bado."

"Bi Corliss, nilianza kukata watu kabla hujazaliwa."

"Na wote walipiga kelele. Subiri."

Nikamfinya Lovina sikio. Akakunja uso. Nikamrudishia sifongo puani, nikangoja, nikamfinya tena kwa kucha mpaka damu ikatoka. Kimya.

"Haya, kata."

Hakutikisika. Hakutoa sauti. Sikuondoa macho usoni mwake mpaka bendeji ya mwisho ilipofungwa.

Akafumbua macho, akatabasamu. "Hawajaanza?"

Maneno yaleyale, sauti ileile. Nilikuwa nimengoja kwa hamu aniambie kwamba safari hii hakuumia. Lakini shahidi wangu ni yeye peke yake, na safari ya kwanza, aliyopiga ukelele, pia aliniambia hivyohivyo.

"Wamemaliza," nikasema, nikachukua maji ya moto kusugua meza.