Wembe wa Kujifunzia

Mume wangu Kalama alikuwa kinyozi katika hoteli moja ya Galu. Alinyoa wageni na wenyeji kwa wembe wa kukunja, ule wenye mpini wa pembe, ambao yeye aliuita mkubwa. Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi, na mvua zilipokwisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Maneno yalimrudia polepole, lakini akili ilirudi na mapengo. Kuna siku alinijua, na kuna siku alinitazama kama mtu anayepita njiani.

Ndevu zake zikaota mpaka zikamfunika shingo. Chini ya taya, upande aliopenda kulalia, mate yalitiririka mchana na usiku, na ngozi ikachimbika kidonda. Sikukiona mpaka kiliponuka.

Muuguzi wa zahanati alikuja kwa baiskeli hadi kwetu Kinondo, ingawa hakuna aliyemtuma. Alizifunua ndevu kwa kijiti kilichozungushiwa pamba, akatazama kwa muda.

"Nyanya, nywele hizi lazima zitoke. Dawa haishiki hapa. Na pale ndani pana mishipa. Kidonda kikiifikia, tutampeleka hospitali ya Msambweni, na sitaki kukudanganya kwamba atarudi."

Alijaribu kumnyoa papo hapo. Kalama akalipiga beseni kwa mkono wake mzima, maji yote yakamwagikia muuguzi. Yule kijana wa watu hakukasirika. Alikamua shati lake, akaokota beseni, akaniuliza kama mimi nimelowa. Kesho yake tukamwita kinyozi wa Ukunda. Huyo aling'atwa kidole.

"Sasa mzee wangu, unamtaka nani?" aliuliza, kidole kikiwa mdomoni.

"Atanyoa Chirau," Kalama alisema. "Nilimwahidi."

Chirau ni mwanetu. Alikufa miaka sita kabla ya hapo, lori alilokuwa utingo wake lilipopinduka karibu na Mackinnon Road. Kabla ya malori alikuwa akijifunza kazi ya baba yake. Kalama alimpa wembe wa kubadilisha, ule ambao unatia kipande kipya cha wembe kila unaponyoa, akamwambia: siku utakayoninyoa mimi bila kunitoa damu, mkubwa utakuwa wako. Siku hiyo haikufika.

Tangu tumzike, jina lake halikuwa limetajwa ndani ya nyumba yetu. Mimi niliacha hata kumwita mume wangu Baba Chirau. Nilimwita mzee. Kwetu nyika nililelewa hivyo: marehemu akiitwa kwa jina, aliye hai asiitike kwa niaba yake. Ukiitika umemfungulia mlango, na koma, yaani roho ya mfu, akishakaribishwa haondoki upesi. Mama yangu hakuwa mtu wa kutisha watoto, lakini kwa jambo hilo alinifinya sikio.

Kwa hiyo nilikaa jikoni nikiwaza. Kidonda kilikuwa kinakula, na mtu pekee aliyeruhusiwa kukikaribia alikuwa chini ya mchanga.

Katika chumba chetu cha uani alikuwa amepanga Philister, msichana wa bara aliyetengeneza nywele katika hoteli ileile. Mwaka wa vurugu, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa, Kalama alimlaza ndani kwetu, naye mwenyewe akalala barazani. Philister hakuwahi kulizungumza. Alikuwa tu akinichotea maji kabla sijaamka. Sasa wageni hotelini walikuwa wachache, saluni ilifunguliwa mara mojamoja, na alikuwa na wakati.

"Shosho," aliniambia, maana huko kwao nyanya ni shosho, "wewe ndio utamnyoa."

"Mimi? Sijawahi kushika wembe zaidi ya kukata kucha."

"Si nitakufunza. Lete boksi ya mzee."

Ndani ya sanduku mlikuwa na mkubwa, umezungushiwa kitambaa, na pembeni ule wa Chirau wa kujifunzia. Wembe wa mwisho aliotia mwenyewe ulikuwa bado umo, umeota kutu. Philister aliutoa taratibu. Nilidhani atautupa. Akaufunga ndani ya karatasi, akanipa bila kuniuliza, na bila kunitazama usoni.

"Kwa nini tusianze na huo mkubwa?" niliuliza ili nipate la kusema.

"Huo lazima ujue kuunoa, na saa hii hujui. Huu makali yakiisha unatoa, unaweka mwingine. Tena kwa mtu ana kidonda, kila siku wembe mpya, hakuna stori." Akachukua wembe mpya ungali ndani ya karatasi yake, akaukunja katikati ukakatika, akaingiza nusu moja. "Lakini chunga. Huu ni mkali kushinda ule, na ni mwepesi. Ukiusukuma, unaingia."

Jirani yetu Esha alikuwa amechinja mbuzi wa akika ya mjukuu wake, nikamwomba kipande cha ngozi chenye manyoya. Mimi ni mtoto wa wafugaji, ngozi naijua. Niliiloweka, nikaivuta juu ya kibuyu ili ipate mviringo wa shavu, tukaipaka sabuni. Philister akanionyesha. Wembe ulazwe karibu na ngozi, uinuliwe kidogo tu mgongo. Mkono mwingine uvute ngozi ikazike. Ufuate nywele zilikolalia, kwa hatua fupi. Usiuburute kwa ubavu hata mara moja, kwa sababu hapo haunyoi tena, unakata.

Niliuburuta kwa ubavu mara ya kwanza kabisa. Ngozi ikafunguka kama mdomo.

"Ai, Shosho! Huyu mbuzi umemuua mara ya pili."

"Nyamaza wewe, mkono unatetemeka."

"Unatetemeka juu ya vile unaukaza. Relaksi. Shika kama unashika kifaranga."

Kifaranga nilikielewa. Nilinyoa mbuzi yule mpaka akabaki upara, nikaomba kipande kingine, nikakinyoa pia.

Asubuhi niliyoingia kwa Kalama nilibeba maji ya moto, taulo, sabuni, na wembe wa kujifunzia. Nilikaa upande wake wa kulia, nikamfunika taulo yenye mvuke. Nilipoiondoa aliuona wembe mkononi mwangu. Hakunitazama mimi. Aliutazama wembe.

"Umerudi kujifunza," alisema.

Nilimpaka sabuni.

"Chirau."

Nilibana midomo. Nikalaza wembe juu ya shavu, nikauteremsha kidogo. Tone la damu likajitokeza.

"Mkono huo si wako," alisema, wala hakuruka, wala hakupiga beseni. "Zunguka huku. Nilikwambia usijilazimishe kutumia wa kulia kwa kuwa mimi natumia wa kulia. Nyoa na mkono wako."

Chirau alikuwa wa mkono wa kushoto. Mimi mkono wangu wa kushoto haujui hata kusonga sima. Lakini kidonda kilikuwa pale, nakinusa. Nilizunguka kitanda, nikahamisha wembe, nikaulaza. Ukateremka shavuni bila kukwama, nywele zikaja na sabuni, na ngozi iliyobaki nyuma ilikuwa safi. Nikatazama vidole vyangu. Vilikuwa vyangu, na pete yangu ya shaba ilikuwepo.

"Ndiyo," Kalama alisema. "Sasa futa wembe. Usimnyoe mtu na uchafu wake mwenyewe."

Siku hiyo tulimaliza shavu moja, akachoka. Siku iliyofuata shavu la pili. Kila siku wembe mpya, na kila siku mkono wa kushoto, na kila siku aliniita kwa jina lile nami nikakaa kimya kama niliyeziba masikio. Alinifundisha vitu ambavyo Philister hakuvijua. Kwamba chini ya pua umshike mtu ncha ya pua kwa heshima, si kama unashika mwizi. Kwamba mtu akitaka kumeza mate, koo linakupa ishara kabla, uinue wembe umngoje. Sauti yake ilikuwa ya upole ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka. Usiku nililala nikiutazama mkono wangu wa kushoto juu ya shuka, nikiogopa kuugeuza.

Philister aliona nimekonda.

"Shosho, unaogopa mzee?"

"Simwogopi mzee. Naogopa anayezungumza naye."

Hakucheka. "Basi nitakuwa hapo mlangoni," alisema. "Mimi si wa huku, pengine sitamjua akipita." Alihama na kigoda chake, akawa anakaa kizingitini akisuka nywele za bandia.

Ikabaki shingo. Muuguzi alikuwa amepita tena, akasema wekundu umeanza kushuka kuelekea kifuani, na ikiwa kesho nywele hazijatoka yeye ataomba gari. Asubuhi yake nikampaka Kalama sabuni chini ya taya, kwa kidole kimoja, kuzunguka kidonda. Nikaushika wembe. Akakibana kidevu kifuani.

"Si huo," alisema. "Huo ni mwepesi, penye kidonda utaruka. Mkubwa unatulia. Jana hukunitoa damu hata tone. Umefuzu. Uchukue."

Philister alisikia. Aliufuta mkubwa kwa spiriti, akaunoa kwenye mkanda, akanitia mkononi. Ulikuwa mzito na wa baridi. Nikauinua, lakini Kalama hakuinua kidevu.

"Chirau. Nimekupa. Niitikie basi."

Nilinyamaza.

"Mbona nikikuita kila siku huitiki? Umenikasirikia? Wembe wangu simpi mtu asiyeitika."

Aliufunga mkono wake mzima juu ya shingo, mbele ya kidonda, na nikajua hatauondoa. Nilimtazama Philister, naye akainamisha kichwa. Kwetu sisi mwanamke akiitwa huitika "abee", mwanamume "naam". Mimi nimeitika hivyo tangu naota meno, kwa baba yangu, kwa mume wangu, kwa wakwe. Nikafungua mdomo.

"Naam, baba," nikasema.

Hakuna kilichotokea. Kuku aliendelea kuparura nje. Kalama alitoa pumzi ndefu, akaondoa mkono, akainua kidevu.

Nikanyoa. Ni kweli, mkubwa unatulia. Uzito wake unafanya kazi wenyewe, wewe unauongoza tu. Nywele za juu ya kidonda zilitoka, kisha za pembeni, kisha zile zilizogandamana na usaha. Nilipouinua kuufuta, akazungumza.

"Mama yako yuko wapi?"

Nikajifanya nafuta.

"Mwambie sikutaka kumficha. Nilishindwa tu kumweleza. Kule Mackinnon Road walinipeleka nikuone kwanza, ulikuwa na damu na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nikasema Kahaso mama yako asikuone hivi. Nikaomba maji, nikakunyoa kwa wembe huo. Ulikuwa mtulivu sana." Akameza mate. Koo lilinipa ishara, nikangoja. "Wembe huo haujagusa mtu tangu siku ile."

Nilikumbuka uso wa mwanangu ndani ya jeneza, laini, kidevu kinang'aa. Kwa miaka yote nilidhani waliomnyoa ni watu wa chumba cha maiti, nikawa nawaombea dua kwa wema wao. Nilikumbuka pia kwamba baada ya mazishi Kalama alianza kunyoa wageni kwa wembe wa kubadilisha. Nilidhani ni amri ya hoteli, kwa ajili ya maradhi.

Makali yalikuwa mkononi mwangu, tangu siku ile yamegusa makoo mawili tu, la mwanangu na la baba yake. Nilitaka kuyatupa, na nilitaka kuyabusu.

"Malizia," Kalama alisema.

Nikamalizia. Muuguzi alifika mchana, akakuta shingo safi na kidonda kimeachwa wazi. Akakiosha, akapaka dawa, na akasema maneno ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Philister alinishika bega mpaka muuguzi akaondoka.

Dawa ilishika. Wekundu ulirudi juu, ukapungua, ukingo wa kidonda ukaanza kukauka. Kalama akaanza kula uji wote. Halikutajwa gari tena. Ndevu zilipochomoza aliniita, "Chirau," nami nikasema, "Naam, baba," nikamnyoa. Kutoitika sasa kungekuwa kumdhulumu. Mchana akiwa na akili zake aliniita Kahaso, nikasema abee, tukazungumza habari za kuku. Nilikuwa watu wawili, na wote wawili walichoka.

Kisha asubuhi moja nilikuwa uani naanika taulo. Nikamsikia anaita jina lile. Nilikuwa na vibanio mdomoni, nikachelewa. Nilipovitema ili niitike, hakuita mara ya pili. Alikuwa amenyamaza, kama mtu aliyekwisha kuitikiwa.

Philister alikuwa kazini. Nyumbani hapakuwa na mwingine.

Nilikwenda hadi mlangoni. Kalama alikuwa ameinua kidevu, macho ameyafumba, uso umetulia, shingo imenyooshwa kuelekea upande wa kushoto wa kitanda. Sanduku lilikuwa limefungwa, mahali pake. Mara kwa mara alimeza mate, na kabla ya kumeza alisita, kama anayempa mtu nafasi.

Niliogopa, siwezi kusema sikuogopa. Lakini nilikuwa nimefungua mwenyewe mlango huo, na aliyeingia alikuwa mwanangu, na alikuwa na kazi.

Sikuingia. Nilikaa kizingitini, kwenye kigoda cha Philister, nikasubiri wamalize.