Simu za Asubuhi

Mwanangu alipoipata nyumba hii ya kilimani, alinipigia simu kwa kelele utadhani kapata mtoto wa pili. "Mama, hewa ya huko! Ukiivuta tu unashiba."

Mimi ni fundi cherehani. Miaka thelathini na moja nilishona kwenye baraza moja mjini, kando ya barabara ya malori, mimi na fundi mwenzangu, mwanamke mmbea kuliko redio. Kifua kikaanza kuniletea jeuri. Daktari akasema ni moshi, mwanangu akalisikia neno moshi, basi, shauri likaisha. Nikahamishwa mimi na cherehani yangu kama kabati.

Simlaumu. Nyumba hii aliipiga lipu kwa mikono yake, Jumapili kwa Jumapili, na kibarazani akaniwekea kiti kinachotazama bonde. "Kila alasiri ukae hapa, mama, uvute hewa safi." Nikakaa. Mtoto akikutengenezea kitu kwa mikono yake unakitumia, hata kama kinakubana.

Ni pazuri, sikatai. Ila hakuna mtu. Jirani wa karibu ana geti refu na mbwa asiyejua salamu. Kazi za kushona haziji, maana nani apande kilima kuja kupunguza suruali? Naongea na cherehani. Siku nyingine inanijibu, kwa sababu haijatiwa mafuta.

Kikohozi kilianza mwezi wa pili tangu nihamie. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa, ningeweza hata kugombana. Jua likishafika utosini, koo linaanza kuwasha kama nimemeza uzi. Ikifika saa tisa kifua kimebana, na nikijaribu kuvuta pumzi ndefu inachoma katikati, nakohoa mpaka machozi yanatoka. Jua likizama, kinatulia.

Sasa ningemwambia nini mtu aliyepiga lipu nyumba nzima kwa ajili ya kifua changu? Kwamba kifua hakikuiona hiyo lipu? Nikaamua kumpigia mimi, kila siku saa moja asubuhi, sauti ikiwa nyororo. "Nalala kama mtoto, baba. Hewa tamu." Yeye akinipigia alasiri, sipokei. Naisukumia simu chini ya mto wa kiti, kesho yake namwambia nilikuwa nimesinzia. Mwaka na nusu mwanangu aliamini kwamba mama yake hulala mchana, mama yuleyule aliyemchapa utotoni kwa kulala mchana.

Nilipanda maharage nyuma ya nyumba ili niwe na kitu cha kukisalimia asubuhi. Majani yakatoka vidoadoa vya kahawia, kama mtu kayachoma kwa sindano ya moto. Nikanyunyiza majivu, nikanyunyiza maji ya sabuni, nikanyunyiza pilipili nikapiga chafya mimi. Mdudu hata mmoja sikumwona, na madoa yakazidi. Wiki hiyohiyo lastiki ya pazia ikakatika. Mjini kipande kama hicho kilikaa miaka dirishani. Huku kilikuwa kimejaa nyufa ndogondogo, na nilipokigusa tu kikaniachia. Nikamtukana mwenye duka la nyuzi, ambaye hakuwepo kujitetea.

Siku moja, saa nne asubuhi, bwana shamba akapita akielekea mashamba ya bondeni. Nikamwita aje aone maharage. Kusema kweli, maharage yalikuwa kisingizio. Nilikuwa na siku sita sijaongea na mtu uso kwa uso.

Alichuma jani, akaligeuza. "Mama, wadudu wa namna hii hupenda kujificha chini ya jani. Ona, chini pasafi. Madoa yote yako juu, na majani ya zamani ndiyo yaliyoungua zaidi. Hii siyo wadudu. Hii ni hewa."

Nikacheka. "Kijana, hewa ndiyo iliyonileta huku."

Hakucheka. Akanionyesha kwa kidole kule mjini, kisha akakileta kidole taratibu mpaka kibarazani kwangu. "Moshi wa magari na viwanda unapanda na upepo kuja huku. Njiani jua linaupika. Ukifika hapa alasiri umeshageuka gesi nyingine, inaitwa ozoni. Ile iliyo juu kabisa angani inatukinga na jua. Hii ya chini inachoma majani, inapasua mpira, inakwaruza mapafu."

"Na mjini je?"

"Mjini moshi una ubaya wake, huo haujaondoka. Lakini hii gesi, siku za jua kali, mara nyingi huku ndiko inakozidi."

"Mbona siioni?"

"Ingekuwa inaonekana, mama, tungeshaikimbia." Akaniangalia. "Mwenye pumu, na hasa mtoto, asikimbiekimbie nje alasiri. Wewe hukohoi?"

"Sikohoi," nikasema. Na kweli saa hiyo nilikuwa sikohoi.

Siku mbili baadaye, katika simu yetu ya asubuhi, mwanangu akasema, "Mama, nimeamua. Chiriku anakuja kukaa na wewe."

Chiriku ni mjukuu wangu, ana miaka saba. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu anaongea bila kumeza mate. Pumu anayo tangu akiwa ananyonya. "Huku anabanwa kila wiki," mwanangu akaendelea. "Kama hewa ya huko imekuponya wewe, itamponya na yeye. Shule ya hapo kilimani nimeshaongea nao. Jumamosi namleta."

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nilishona magauni mawili na foronya yenye maua, nikatia cherehani mafuta isije ikamtisha. Nikajiambia, alasiri nitamfungia ndani. Nikajiambia, yule bwana shamba ni mtoto mdogo, anajua nini? Siku nne nilijidanganya, na mimi kwa kudanganya nilikuwa nimeshapata uzoefu.

Walifika Jumamosi saa mbili. Hewa ilikuwa baridi, nyepesi, haina kasoro. Chiriku akaruka kutoka kwenye gari, akaizunguka nyumba mara tatu mbio, kifua hakikupiga hata filimbi. "Bibi! Huku naweza kukimbia!" Akakanyaga pedali ya cherehani, akauliza jina la kila kitu, akajibu mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nyumba ilijaa. Tangu nihamie sikuwahi kuisikia ikijaa vile.

Mwanangu alisimama kibarazani, mikono kiunoni, akivuta pumzi kama fundi anayekagua kazi yake. "Unaona, mama?"

Nikaangalia saa ya ukutani. Saa tano kasoro. Nje jua lilikuwa limeanza kuuma. Ningeweza kunyamaza mpaka saa tisa, mambo yakajieleza yenyewe. Lakini yangejieleza kwa kifua cha mtoto. Nikapiga moyo konde.

"Baba, mrudishe."

"Nani?"

"Mtoto. Ondokeni kabla ya saa sita." Nikamletea jani la maharage na kile kipande cha lastiki, nikamweleza yote, upepo, jua, gesi, kikohozi changu. "Nilikudanganya. Nakohoa kila alasiri tangu mwezi wa pili wa kuhamia huku."

Alilishika jani kama mtu aliyepewa tikiti ya basi lililokwisha kuondoka. "Mwaka na nusu, mama. Kila siku ya Mungu, hewa tamu, hewa tamu. Leo namleta mwanangu, ndiyo hewa imechacha?"

"Nilitaka usivunjike moyo."

"Mbona hukohoi sasa?"

"Bado mapema."

Akatikisa kichwa. Mwanangu ana uso wa baba yake, akiumia anatabasamu upande mmoja. "Kulea ni kazi, naelewa. Umechoka. Kama humtaki, sema humtaki, mama. Usiusingizie upepo."

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na gauni jipya, pindo bado lina pini. "Bibi," akasema, "mimi naweza kunyamaza. Siku nzima. Sitakusumbua."

Nilijikaza kisabuni. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilijua nikimshika simwachii. Nikamtoa pini moja moja, nikamwambia aende na baba. Gari liliondoka saa sita kasoro robo. Mwanangu hakuniaga, na mtoto hakusema neno mpaka gari likapinda. Alikuwa ananionyesha kwamba anaweza.

Nilikunja foronya. Nikakaa kwenye kiti changu cha kibarazani, jua likafanya kazi yake. Saa tisa na dakika chache simu ikaita. Ni yeye, kuniarifu wamefika, maana hata akiwa na hasira ana adabu zake. Mkono ukaisukumia simu chini ya mto kwa mazoea. Ikaita ikakatika. Ikaita tena.

Nikaitoa, nikapokea.

"Mmefi..." nikasema, na kifua kikakataa kumalizia. Sikuziba mdomo, wala sikuiweka simu mbali. Nilikohoa vile ninavyokohoaga peke yangu, nikiwa nimeinama, nimeshika ukingo wa kiti, mpaka pumzi ikawa inaingia kwa filimbi. Upande wa pili nilisikia vyombo vinagongana jikoni kwao, kisha vikanyamaza.

"Baba," nikamsikia Chiriku, "huyo ni bibi? Mbona anakohoa kama mimi?"