Kilima, Kijito na Nyumba ya Sihami

Mpima ardhi alikuwa amevua viatu chini ya meza, anafuta miwani kwa ncha ya shati, alipoletewa jina la kijito cha kaskazini na kukuta ni Sihami. Kilima cha kusini tayari kilikuwa Sihami. Jabali la katikati ya ziwa nalo Sihami. Aliivaa miwani, akasoma tena, akaagiza chai.

Jina hilo alilijua kuliko alivyopenda. Lilikuwa la shemeji yake, mjane wa kaka yake, na hakupewa na wazazi. Kaka alipofariki, kabla viti vya msiba havijarudishwa kwa wenyewe, mpima alikwenda na kamba na vigingi akaupima uwanja upya, na mpaka ukapita upande wa pili wa jiko la mjane. Uwanja ukawa wa mpima, na muhuri juu. Mjane alisimama mlangoni akasema, "Sihami." Walipoezua paa alisema hivyo hivyo, akiwa amekaa chini ya jua, na watu wakaanza kumwita hivyo. Mwishowe alibebwa na godoro lake mpaka chumba cha kupanga nyuma ya duka la vitambaa. Alifia humo, akamwachia binti yake cherehani. Mpima alizungusha ukuta, akajenga ghorofa. Mtu huyu hakuwa na mshipa wa aibu, na ni vizuri lisemwe mapema.

Ofisini kwao kulikuwa na kanuni aliyoitunga mwenyewe ujanani, baada ya mwenye hoteli mmoja kuwahonga wapimaji soda ili mlima uitwe kwa jina lake. Jina la mahali haliingii kwenye ramani mpaka wenyeji watatu, wasio wa ukoo mmoja, walitaje kila mtu kwa kinywa chake. Watatu wakikubaliana, hakuna mkubwa wa kulibadili.

Tangu shemeji afe, kanuni ilimgeukia. Watu wa kusini walisema Sihami ni jitu lililokataa kumpisha mfalme njiani, likakaa mpaka likaota majani. Wavuvi wa ziwani walisema ni dada wa mamba. Kaskazini alikuwa bibi wa mguu mmoja anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza nani kasogeza jiwe la mpaka. Hawa hawajawahi kuonana na wale, na wote waliapa wameyapata kwa babu zao. Kilima kile mpima alikipanda zamani kikiwa na jina jingine. Alifungua ramani ya miaka hiyo kulitafuta. Paliandikwa Sihami, kwa mwandiko wake.

Kisha bibi wa mguu mmoja akaja mjini. Alikuwa akikaa juu ya ukuta wa mpima kila adhuhuri, anachana nywele. Wapangaji wa ghorofa walianika nguo pembeni yake na kumpa vibanio awashikie. Mke wa mpima alimpelekea maji.

"Unampa maji ya nini?" mpima aliuliza.

"Anasema ahsante," mke alijibu. "Wewe hujaisema tangu tuoane."

Mwaka wa kustaafu kwake, mpima aliomba ramani mpya ya mji ionyeshe na nyumba zinazojulikana. Kichwani alikuwa na nyumba yake mwenyewe, na jina lake juu yake, watu walisome hata akishazikwa. Wakubwa wakakubali. Wapimaji wawili, mwanamke na mwanamume aliowafundisha yeye, wakafika mtaani kwake kuuliza.

"Pale? Kwa Sihami," alisema muuza maziwa. Kinyozi wa ng'ambo alisema hivyo hivyo bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa akikinyoa.

Wa tatu aliyekuja njiani, furushi la nguo begani, alikuwa binti wa marehemu shemeji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Mpima alitoka getini na ndala, mbio.

"Mwanangu! Njoo kwanza."

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sikiliza, watakuuliza jina la nyumba. Taja langu. Nitakupa chumba cha nyuma, bure, maisha yako yote. Kina dirisha kubwa."

Chumba cha nyuma kilisimama pale palipokuwa jiko la mama yake. Fundi alishona mchana kutwa kwa taa, na macho yalianza kumlegea. Uzi ulimpotea kwenye tundu la sindano. Alikitaka chumba kile. Alilitazama dirisha kama mwenye njaa anavyotazama sufuria.

"Na uwanja?"

"Uwanja una hati, mama. Yalishapita hayo."

"Ulipomtoa mama, mimi ndiye niliyeshika ncha ya godoro," Fundi alisema, sauti yake ile ile ya kupimia wateja nguo. "Nakuchukia, baba mdogo. Kwa heshima zote."

Juu ya ukuta bibi aliacha kuchana. Mpimaji mwanamke akasogea.

"Samahani, dada. Nyumba hii inaitwaje?"

Fundi alibadilisha bega la furushi. "Sihami."

"Hapana!" mpima alipiga kelele. "Andikeni jina langu! Andikeni Sihami!" Alijaribu tena, akakunja midomo, akatoa lile lile.

"Watatu wanatosha, mzee," alisema mpimaji mwanamume, akafunga kalamu.

Bibi alirudi kaskazini wiki hiyo. Ramani ilichapishwa. Hati ya uwanja ilibaki safi, ukuta ulipakwa rangi upya, na kodi ya wapangaji iliingia mfukoni mwa yule yule. Watu walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Sihami," naye aliitika, maana jina jingine hakulikumbuka tena, wala mkewe.

Siku moja mama mmoja alimleta mtoto mkorofi dukani kushonewa sare. "Tulia," alimwambia, "nitakupeleka kwa Sihami, lile zee la miwani linalomeza majiko ya wajane." Mama yake Fundi alikuwa na kilima, kijito na jabali; Sihami hili la nyumba lilikuwa la kumshikia mwizi.

Mtoto alimgeukia Fundi. "Eti shangazi, Sihami yupo kweli?"

Fundi aliisogeza taa, akakata uzi kwa meno.

"Yupo," alisema. "Anakaa kwetu."