Meza ya Televisheni

Cha kwanza Mama Kibonge alichokiona kilikuwa mguu wa mama mkwe wake. Kila jioni tamthilia ilipoanza, mama alikaa kitini pake, mikono mapajani, na mguu wa kulia ukaanza kucheza: kisigino, vidole, kisigino, vidole. Taratibu mwanzoni, kisha mbio. Wala haukuanza ovyo. Ulianza pale tu mke wa kwenye tamthilia alipochukua mkoba kwenda kazini.

Mke huyo mikosi haikumwisha. Akisema tu, "Mume wangu, nataka kufanya kazi," unaingia muziki mzito kama wa kutangaza msiba, na mara mtoto kaanguka ngazini. Safari hii mtoto alikuwa hospitalini, kichwa kizima bandeji, na mama yake yuko ofisini anapaka rangi ya midomo.

"Unaona?" mama mkwe akasema. "Kajitakia."

"Na bado," mwanawe, mume wa Mama Kibonge, akadakia kutoka mlangoni. Alikuwa fundi rangi, na rangi ya kuta za watu ilikuwa imemkaukia nyweleni. "Wewe Mama Kibonge, ukitaka kazi usihangaike. Humu ndani zimejaa, chagua."

Wakacheka. Mama Kibonge naye akacheka, maana angenuna wangemuuliza ana nini.

Alikuwa na jambo. Mama Vifungo, mshonaji wa sare za shule mtaa wa pili, alikuwa amemsimamisha njiani. "Mashine yangu moja haina mtu," alimwambia. "Nimeiona nguo uliyomshonea mwanao. Mkono unao. Mtoto njoo naye, atalala kwenye vitambaa. Ila Jumatatu nisipokuona, nampa mwingine."

Neno la kuwaambia nyumbani lilikuwa fupi. Alijaribu kulisema akiwa peke yake, anafua. Lilipofika ulimini tu, akausikia ule muziki. Televisheni ilikuwa imezimwa. Muziki ulitoka ukutani, ukatoka kwenye beseni, ukamfuata mpaka jikoni. Akaacha nguo kwenye povu, akakimbia kumtazama Kibonge kama anapumua. Kibonge, ambaye tangu azaliwe hajakosa pumzi wala hamu ya kula, akamtazama tu.

Jumapili jioni fundi rangi alikuwa hajarudi. Tamthilia ikiwa imekolea, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Mguu wa mama haukusimama. Kisigino, vidole. Na katika kimya kile kitu kingine kikaujibu, kitu cha chuma: kwii, kwii.

Sauti ilitoka chini ya televisheni.

Akapapasa mkekani alipomwacha mtoto. Hakuna mtoto. Akaitafuta simu awashe tochi. Ilipowaka, akainua kile kitambaa cha kufumwa kilichofunika meza mpaka chini, ambacho miaka yote alikipangusa vumbi bila kukiinua. Kibonge alikuwa amekaa juu ya kanyagio la cherehani, anajibembeza, anacheka. Meza yenyewe ilikuwa cherehani, kichwa chake kimekunjwa ndani. Kanyagio lilikuwa limelika upande wa kulia, linang'aa kama sahani.

"Mtoe hapo," mama mkwe akasema. Sauti haikuwa yake. Mtoto alipotolewa, akaongeza polepole, "Hata yule alipenda kukaa hapo."

"Yupi, mama?"

"Wa kwanza. Kabla ya mumeo. Nilikuwa nashonea watu. Homa ilimkamata nguo ya mtu iko chini ya sindano. Nikambeba mbio hospitali, uzi umenining'inia shingoni. Hakurudi. Wakasema nimemuua kwa tamaa ya kazi. Baba yenu alipoleta televisheni, akasema meza ya nini, si hii hapa."

Mama Kibonge akakaa sakafuni, Kibonge kifuani. Akaitazama ile miaka yote ya jioni, mama anamtazama mke wa kwenye tamthilia akiadhibiwa, anasema kajitakia, na televisheni iko juu ya cherehani yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "mguu wako bado unashona."

Mama mkwe akauinamia mguu wake kama kitu alichosahau mgeni. Ukasimama.

Umeme ukarudi. Mke wa kwenye tamthilia akarudi nao, midomo myekundu, na ule muziki mzito ukaanza. Kibonge akapiga chafya. Mama Kibonge akamgusa paji la uso, kisha akanyoosha mkono akaizima televisheni.

Mama mkwe hakusema washa. Alikuwa anamtazama, anangoja, kama mtu aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Mama, nataka kufanya kazi."